Nafasi ya Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye goti limemwachia kidogo na sasa amerudia kazi yake ya kugombana na majirani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na presha yako imetulia. Kama haijatulia, mpe wifi barua hii aisome kwanza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo umeshajibu. Hata hii nimeianza mara kadhaa. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga. Mama ameniuliza kama nimekalia siafu.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba rafiki yako wakili ananingoja Jumatatu nikakae mapokezi. Asante, najua umenihangaikia. Lakini ulimwambia, nami nikiwa pale pale sebuleni, kwamba tangu kiwanda cha uchapaji kifungwe dada yako amepotelea kwenye mambo ya tovuti, michezo ya vijana, na kwamba mwanamke wa umri wangu anahitaji kiti cha kutulia. Kaka, nani alikuomba kiti? Mwanamume akibadili kazi baada ya miaka arobaini mnasema ana maono. Mwanamke akibadili, mnasema amechanganyikiwa.

Acha nikueleze hiyo michezo. Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia juu ya yule fundi mitambo wa kiwandani tuliyemwita Besi kwa sauti yake? Yeye alijifunza upande wa kompyuta, mimi nikajifunza kubuni, tukapanga chumba nyuma ya saluni. Siku nzima mashine za kukaushia nywele zinavuma ukutani nasi tunabishana kwa kupiga kelele.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kichekesho. Kwenye kitabu, upande wa mshono unaacha nafasi pana ili maneno yasimezwe karatasi zikishonwa. Kiwandani kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa za vitabu, na mkono ulishazoea. Nikaiacha nafasi hiyo upande wa kushoto wa kila ukurasa wa tovuti, kitu kisicho na mshono wala uzi. Besi alicheka hadi mwenye saluni akaja kuchungulia. Akaniuliza, “Sasa hii, dada, utaishona wapi?” Nikaona haya, nikaifuta. Ukurasa ukawa kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Nikairudisha, na tangu hapo siitoi.

Sasa kaa chini, kaka. Tovuti mpya ya chuo chako, ile uliyousambazia ukoo mzima, nimeibuni mimi. Ile sauti nzito uliyokuwa ukiiita mheshimiwa kwenye simu ni Besi. Mimi nilikuwa kando yake, nikimnong'oneza majibu. Kamati yako iliichagua kazi yetu bila kujua ni ya dada wa mkuu wa chuo, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Ungejua, ungeninyima kwa aibu au ungenipa kwa huruma, na sijui kipi kingeniuma zaidi.

Kisha ukawaandikia ndugu zetu wote: “Hawa jamaa wanajua kazi. Tazameni hiyo nafasi ya kushoto, ukurasa unapumua.” Nilisoma nikiwa jikoni. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Nilifurahi, halafu nikakasirika. Miaka yote nimekuletea vitabu nilivyovipanga, na bado hukuutambua mkono wangu.

Wakili nimeshampigia, Jumatatu siendi. Ukitaka kuiondoa tovuti kwa sababu ni yangu, iondoe, lakini hiyo sababu kaiambie kamati kwa mdomo wako. Ukiiacha, chini kabisa kuna mahali pa jina la aliyebuni. Nimepaacha wazi. Sitaki kujiandika kwa kificho. Nataka uniambie wewe niandike. Nangoja, na unajua nisivyoweza kungoja.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama nimemsomea barua hii, akaniambia niondoe maneno makali. Nimeondoa mawili.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye ile nafasi ya kushoto.