Fainali na Daktari wa Ng'ombe

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako anakusalimu, ingawa mimi amenichunia tangu juzi.

Uliandika kwamba huolewi mpaka nimpime huyo daktari wako wa ng'ombe, kwa kuwa baba hayupo tena. Basi nimempima. Tulikutana fainali ya sataranji, tukakaa uso kwa uso mchana kutwa.

Hivi ulimtoa wapi? Alikuja na koti lenye manyoya ya mbuzi. Kila kete aliifuta kwa leso kabla ya kuisogeza, utadhani inaumwa. Akiwaza, anavuma puani kama jokofu bovu. Nilipomla farasi akanishukuru. Watu wakamcheka, naye akacheka nao, mtu mzima hovyo. Nikajisemea, huyu kila apitaye atamfanya zulia la kufutia miguu.

Lakini kucheza anajua, hilo simnyimi. Alasiri alikuwa amenibana kweli. Nikashika ngome, kisha nikaona kwamba nikiisogeza tu, malkia wangu amekwenda na maji. Nikaiachia, nikacheza kete nyingine. Sheria yetu unaijua: uliyoigusa ndiyo utakayoicheza. Mwamuzi alikuwa akipita, akauona mkono wangu ukirudi, akauliza kama nimegusa ngome. Nikakana. Akamgeukia daktari wako. Macho yake hayakuwa yametoka kwenye vidole vyangu, lakini akajibu kwamba hakuona kitu. Nikashinda.

Nilimfuata kwenye ngazi nikamfokea, maana kujipendekeza kule kulinikera kuliko kama ningeshindwa. Nikamwambia idhini yangu hainunuliwi. Akawa anafunga vifungo vya lile koti lake.

“Niliona, kaka,” akasema. “Ila dada yako akikutaja, uso wake unang'aa. Sikutaka niwe mimi wa kumharibia.”

Upuuzi mtupu. Usingizi umenipaa tangu siku ile. Basi nakwambia mwenyewe, maana bwege huyo hatakwambia kamwe. Kombe nimelirudisha kwa mwamuzi na sababu nimemweleza. Ndiyo maana wifi yako amenuna. Alishalipangia nafasi kabatini.

Olewa naye. Mimi simpendi, na siku ya harusi usiniketishe karibu naye. Kumtazama usoni siwezi.

Wasalimie wanaoniulizia, wasioniulizia waache.

Ni mimi kaka yako,
niliyeigusa ngome.