Siku Wifi Alipokataa Kutoka Kliniki

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. U mzima huko? Kile kifua kimepoa? Sisi tunasukuma siku. Mama hajambo, ila analalamika kwamba umekuwa adimu.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba mkeo amejifungua kabla ya wakati na wote wawili wapo hai. Mengine yalinishinda kusema. Nayaandika leo, nikiwa hoi.

Jumanne nilimsindikiza kliniki. Uso ulikuwa umemvimba na kichwa kinamgonga. Mimi nikasema ni joto tu. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Zamu yake ilipofika, betri za kipimo cha presha zilikuwa zimekwisha. Nesi akasema mwezi uliopita presha ilikuwa nzuri, basi aende tu, arudi wiki ijayo.

Mdogo wangu, mimi nilishainuka. Nilikuwa na sare za watu hazijakatwa, nikamvuta mkono. Wifi hakubanduka. Wala hakupandisha sauti. "Nimekuja kupimwa," alisema. "Nitakaa hapa mpaka nipimwe." Nikamnunia, nikaona anadeka.

Saa nzima ikapita, hata mkunga mkuu akatoka wodini na kile kipimo cha zamani cha kupampu kwa mkono. Akapima, kisha akapima mkono wa pili. Mia na sabini kwa mia na kumi na mbili. Akamuuliza kama anaona vimulimuli. Wifi akajibu anaviona tangu jana yake. Hakuwa ameniambia, nami sikuwa nimemuuliza.

Hapo mambo yakaenda mbio: kitanda cha magurudumu, sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, kesho yake upasuaji. Mkunga aliniambia kwamba kama tungeondoka vile, huenda tungewapoteza wote wawili.

Binti yako ana kilo moja na robo tatu. Tunamwita Kiduchu mpaka umpe jina. Ananyonya kidogo kidogo. Mama yake bado anapimwa kila baada ya saa chache; presha inashuka, ila kwa kujivuta.

Majirani wananisifu kwamba nimemwokoa wifi yangu. Nimechoka kuzipokea sifa hizo. Ukipiga simu, usinishukuru mimi.

Jana nilimwomba radhi. Alijisogeza kitandani, akapigapiga godoro kwa kiganja kunionyesha nafasi. "Kaa, wifi. Umesimama sana wiki hii." Nikakaa, nikalia.

Msalimie fundi mwenzako unayekaa naye, na mama mwenye nyumba wenu. Mama anakuombea. Mungu akuepushe na mabaya ya kazini, akulete umpakate mwanao.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.