Yowe Lililowekwa Kwenye Mabano

Magomeni, Dar es Salaam
Juni 1998

Mdogo wangu Masanja,

Dada yako anakusalimu. Kwanza niambie magoti ya mama yetu yanaendeleaje, na kama mpunga wa bondeni mmeshauvuna au bado mnafukuza ndege. Sisi huku tuko wazima. Mjukuu wangu ameota meno mawili na kazi yake ni kuning'ata. Mimi joto la huku limeniotesha vipele shingoni, na maji ya bomba yana chumvi mpaka chai inakataa sukari. Lakini nimekuja kulea, nalea.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mwenyewe mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea, mara ya pili nikajua sijakosea, mara ya tatu nikasikia kinyaa, Masanja, kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali.

Unasema Mama Daforoza, yule mjane wa Kirundi mnayepakana naye kwa upande wa kisima, alivamiwa na wezi mchana kweupe. Wamemvunja mkono, wamechukua baiskeli yake na mahindi. Alipiga yowe. Na wewe ulikuwa umekaa mlangoni unatengeneza mnyororo wa plau. Umeandika kwa mkono wako: "Nilisikia vizuri dada, lakini nikaona hayo ni mambo ya Warundi wenyewe kwa wenyewe." Watu wa ng'ambo ya mto walifika wakitoka jasho. Wewe wa hatua mia hukufika.

Sasa wazee wamekutoza fahali, aliwe na kijiji kizima. Mpaka umtoe, hakuna wa kukupa kaa la moto, hakuna wa kuchota maji pamoja na mkeo, hakuna wa kukusaidia kuvuna. Unashangaa nini? Ndiyo desturi waliyotoka nayo baba zetu Usukumani pamoja na ng'ombe wao. Yowe likipigwa unatoka, hata kama ulikuwa unaoga unatoka na povu. Wewe badala ya kumtoa fahali unaniomba mwanangu Kabula, kwa kuwa ni mwanasheria, akuandikie barua yenye muhuri, kwamba sheria ya serikali haijui mambo ya yowe, ukawazibe wazee midomo.

Nitakuambia jambo linalonitia aibu. Mwanzoni nilifurahi. Unanijua. Mwanangu ni mmoja kati ya watu saba tu waliochaguliwa kuandika sheria ya mfano ya makosa ya jinai, yaani kielelezo, ili nchi yoyote ikitaka kutengeneza sheria yake iangalie pale. Watu saba, na mmoja wao amenyonya ziwa hili! Aliyekuwa wa kwanza darasani hapo kijijini kwetu Mwamkulu, wavulana wote wako nyuma wanahesabu vidole. Kila jirani hapa Magomeni nimeshamwambia, hata wasiouliza. Kwa hiyo nikampelekea Kabula barua yako kifua mbele.

Akasoma, akavua miwani. "Mama, kwa sheria iliyopo mjomba hana kosa."

"Hana hata kidogo?"

"Hana. Hakumpiga, hakumwibia, hakuwatuma wezi. Sheria haimlazimishi mtu kutoka nyumbani kwake."

Akaichapa barua uliyoitaka, akaisaini. Ninayo. Nilipoishika nilitegemea kujivuna, nikajikuta naishika kwa ncha za vidole.

Jumamosi iliyofuata kamati yao ilikuja kufanyia kazi hapa nyumbani mchana, kwa kuwa ofisini umeme ulikatika. Nikawapikia maandazi na chai ya tangawizi, na walikula! Mwenyekiti wao ni wakili mzee kutoka Tanga, mfupi, sauti laini kama anayembembeleza mgonjwa. Nikamuuliza: "Baba, hii sheria iliyopo, isiyojua yowe, ilitungwa na nani?"

Akanieleza vizuri, sikatai. Mjerumani alitawala na kiboko chake. Mwingereza akaja na sheria aliyowatungia Wahindi kulekule India. Baadaye akaiondoa, akaleta nyingine iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Australia, ikapita Naijeria, ikaja kuvalishwa sisi. Tumepata uhuru, tumebandika kiraka hapa na pale, lakini nguo ni ileile. Masanja, hata mtumba mtu anaujaribisha mabegani kwanza kabla ya kununua! Sisi hakuna aliyetupima. Hakuna aliyefika kijijini akauliza, nyie mkisikia mwenzenu analia mnafanyaje?

Nikasema, "Basi na hii mpya wekeni yowe."

Mzee akatabasamu. "Mama, nikuambie tunavyofundishwa chuoni. Ukimkuta mtoto wa mwenzio anazama kwenye dimbwi la maji ya magotini, na wewe ukakaa pembeni ukala karanga mpaka akafa, sheria hii haikugusi."

Nikachukua sahani yake ya maandazi nikaanza kuirudisha jikoni.

"Mama!" Kabula akaita, uso umemshuka.

"Muache," mzee akasema, anacheka na mdomo umejaa. "Huyo ndiye raia."

Kulikuwa na mwanamume mwingine pale, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Akasema bila hata kuniangalia: "Tukiweka hicho kifungu tutawafunga watu wote wa vijijini. Na hao wanaoitika yowe, mama, wakimkamata mwizi wanamfanya nini?"

Wewe na mimi tunajua wanamfanya nini. Tulikuwa wadogo, lakini tuliliona lile shimo nyuma ya zizi alimofukiwa mwizi. Nikasimama na sahani yangu mlangoni, na yeye akageuza ukurasa kama aliyeua mbu. Hicho ndicho kilichonichefua zaidi. Alisema kweli, na kweli yake haikumuuma popote.

Walipoondoka nilimuuliza Kabula wameandika nini mwishoni. Akasema amepigana mpaka kifungu kikaingia: mtu akisikia mwenzake yuko hatarini, naye anaweza kusaidia bila kujiua, akikaa kimya ana kosa, na anayekwenda kusaidia haruhusiwi kumdhuru aliyekwisha kukamatwa. Nikapiga kigelegele, mtoto akaamka. Kumbe hakijaisha. Wenzake wamekiweka kwenye mabano. Maana yake, nchi ikikitaka inakichukua, isipokitaka inakiruka. Yowe la mtu aliyevunjwa mkono, Masanja, limewekwa kwenye mabano! Nimemwambia mwanangu kazi yake ni nzuri kuliko za wote sita, na kwamba wenzake wananitia kichefuchefu. Yote mawili nimeyasema wakisikia majirani.

Sasa tufike kwako. Barua yenye muhuri sikutumii. Usimwandikie Kabula kwa mlango wa nyuma, nimeshamkataza na amekubali, tena kwa haraka. Hao wasomi angalau wanaweza kujitetea kwamba hawamjui Mama Daforoza. Wewe umekula viazi vyake. Mkeo alipojifungua pacha, mama huyo alikaa kwenu siku nne anamkanda. Leo akilia unaniambia mambo ya Warundi. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliona afadhali ungeniandikia kwamba uliogopa. Woga ningeuelewa.

Mtoe fahali. Wako, siyo wangu. Ng'ombe wangu walio zizini kwako usimguse hata mmoja. Kabla hujamtoa, nenda kwa yule mama ukamvunie mpunga wake, maana kwa mkono mmoja hawezi kushika mundu. Usitume mtu. Nenda mwenyewe, mchana, watu wakuone.

Msalimie mama yetu mzazi, mwambie dawa ya magoti Kabula ameipata na inakuja na treni kwa mkono wa mtu ninayemwamini. Msalimie wifi yangu, mkeo, mwambie namuonea huruma kwa kwenda kisimani peke yake. Wabusu pacha. Mchungaji wetu mwambie mjukuu tutambatiza huko huko Mwamkulu, siyo huku kwenye chumvi. Mama Daforoza mpe salamu zangu zote, na umwambie kwamba nimezituma kwa mdomo wako makusudi.

Nyama ikishapikwa niandikie upesi. Wazee watakusamehe wakishashiba, hao nawajua, sina haja ya habari zao. Nataka kujua kitu kimoja tu: yule mama amekula? Kama ameikataa, usiniandikie bado. Rudi kwake kesho yake.

Ni mimi dada yako,
mama wa Kabula, yule anayeandika sheria