Baba na Saa ya Kuacha Sigara

Baba,

Najua ungecheka kusikia nimekuandikia barua, mimi niliyekuwa mvivu hata wa kujibu meseji zako. Niko kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Kitale. Mteja amekuja, nimemwambia arudi kesho. Leo nina kazi na wewe.

Mama ameanza kula vizuri. Ile tumbaku ya shamba letu la Malakisi aliing'oa yote, akapanda maharagwe, na hakumuuliza mtu. Mimi nakukosa, Baba. Nakukosa sana.

Nakumbuka nilivyokuvisha ile saa inayotetemeka mkono ukipanda mdomoni kama wa mvutaji, kisha simu inakuuliza kama umevuta. Wiki ya kwanza ilikutesa. Ulikuwa ukichambua majani ya tumbaku, na kila jani ulilonusa, saa inatetemeka. Ukanipigia umewaka: "Nekesa, hii kitu yako iko na wivu! Si nilikuwa nanusa tu, bana, ati nimevuta?" Nilicheka hadi wateja wakanitazama. Mtu mwingine angeivua aitupe chooni. Wewe ulibonyeza "sijavuta" jani baada ya jani, ukaendelea na kazi.

Na yale matanga ya Bumula! Ulivuta sigara moja kwa mkono wa kushoto, saa iko kulia, haikujua lolote. Asubuhi ukanipigia mwenyewe: "Andika nimevuta moja. Saa haikuona, lakini mimi niliona." Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Baba, sijawahi kukutana na mtu mkweli kama wewe.

Sasa sikia kilichotokea baada ya kukuzika. Siku ya kunyoa nywele za wafiwa, wakati wa kugawa vitu vyako, ndugu yako mdogo alimpa kaka Wafula koti, kisha akainua saa ampe pia. Nikasimama. Nikasema naiomba mimi. Akaniuliza, "Wewe msichana, saa ya kuacha sigara ni ya nini?" Watu walijaa uani, Mama ameketi mbele. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, lakini nikaumeza. Nikasema ukweli: navuta, tangu nianze kazi Kitale. Mama aliinamisha kichwa. Ndugu yako akaniwekea saa mkononi. Niliona aibu.

Siku nne zilizopita nilifungua simu yako ili niiunganishe upya na saa. Mwanzoni kabisa ilikuuliza kwa nini unataka kuacha. Siku zote nilidhani ni kifua chako. Uliandika: "Nekesa anavuta, anadhani sijui. Nikiacha mimi kwanza, nitaweza kumwambia."

Nililia juu ya simu za watu. Ulijua, na hukunifokea hata siku moja. Ulianza na wewe mwenyewe, mzee mzima, ukakubali kusumbuliwa na kidude cha mkononi kwa sababu yangu. Halafu ukaondoka kabla hujasema.

Leo ni siku yangu ya nne bila sigara. Nina hasira na kila mtu, hata na huyo mteja. Siwezi kukuahidi kwamba sitateleza. Nakuahidi kwamba nikiteleza nitabonyeza ukweli, kisha nitaanza tena siku hiyo hiyo. Pumzika sasa, mzee wangu. Umeniambia, nami nimesikia.

Binti yako,
Nekesa