Ua ndani ya kabati la seli

Vaidehi, seli za marehemu mama Gangamma zimeoza. Zote! Kile kipande cha ngozi alichoniachia ndicho hicho tu, hakuna kingine.

Juzi tulifanya ibada ya kubariki mashine za maabara. Profesa akazipaka kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, kisha akafungua kabati la joto ninamokuzia seli, akaweka ua ndani. "Mungu awabariki na hawa wadogo." NDANI, Vaidehi! Nami nikafunga tu mlango wa kabati.

Leo kila kisahani kimejaa ukungu.

Profesa akafoka, "Nani kafungua bila glavu?" Wote wananitazama mimi. Mimi!

Nikaanza kulia. Akalainika. "Basi, binti. Mrudie yule mama, atakupa ngozi nyingine."

Nimemjibu, "Sawa, Profesa."