Siku Niliyozima Mashine Bila Kugonga Debe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, chumba namba 3. Ijumaa tarehe 17, saa 3:25 asubuhi.

Jina: mtaani naitwa Mama Mashine, jina la kitambulisho limo kwenye jalada.
Umri: miaka 51.
Kazi: mwenye mashine ya kusaga nafaka.
Makazi: chumba cha nyuma ya mashine hiyo hiyo.

Mashine ni yangu, sikupewa na mtu. Nilianza na kinu cha kuzungusha kwa mkono, leo nina mota ya nguvu za farasi 20.

Kwangu kuna utaratibu. Siasa huzungumzwa mashine ikinguruma tu. Niliuweka miaka sita iliyopita wakati wa uchaguzi, baada ya wapita njia kudaka neno la mteja dirishani wakaingia kushikana mashati. Mashine ikinguruma, aliye hatua mbili nje ya mlango hasikii kitu. Ndani watu hupigiana kelele masikioni. Nikitaka kuzima, nagonga debe mara mbili kwa kopo, wote wananyamaza, ndipo nazima. Kwa miaka sita sikuwahi kusahau.

Mnamo Jumanne tarehe 14, saa 4:20 asubuhi, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alileta mahindi kilo 18. Yeye ni fundi viatu. Tunamwita Redio, kwa sababu kila anachosema kimeshasemwa redioni asubuhi, yeye huongeza sauti tu. Kabla ya kupima mahindi alipanda mwenyewe kwenye mzani, ni mchezo wake. Kilo 71. Akasema amepungua mbili tangu bajeti isomwe.

Kwenye foleni walikuwepo watu watano. Nawajua wote. Sitawataja.

Mjadala ulikuwa wa hospitali, kwamba zibaki chini ya jimbo au zirudi serikali kuu. Mteja mmoja alitaka zibaki jimboni, kwa kuwa ofisi za jimbo angalau mtu anazifikia kwa miguu akalalamike. Redio alitaka zirudi. Yule mteja akamuuliza kama betri zake huwa haziishi. Tulicheka, na mimi nilicheka.

Saa 4:47 nilisikia harufu ya mkanda kuungua. Mkanda ukikatika mashine ikizunguka, unaweza kumng'oa mtu jicho. Nilikimbilia swichi. Sikugonga debe. Ikiwa na mzigo, mashine yangu huchukua sekunde nne kusimama. Katika sekunde hizo nne Redio alikuwa anasema kwa sauti yake yote, "Kuu wanasema dawa zilitumwa, jimbo wanasema hazikufika. Dawa hazina miguu. Kuna mtu kazichukua, na mimi namjua!"

Maneno matatu ya mwisho yalitoka mashine ikiwa kimya. Yalivuka barabara.

Ng'ambo palikuwa na gari la kijivu, limesimama tangu saa 4:15, lina wanaume wawili. Mmoja alivuka. Aliuliza kwa upole kabisa ni nani anayemjua nani. Redio akainua mkono, kicheko bado hakijamtoka.

"Ni mimi, kaka. Ni soga za mashine tu."

"Basi njoo utusimulie na sisi."

Redio akaniambia, "Shemeji, niangalizie unga, narudi sasa hivi." Saa 4:52 gari liliondoka naye. Mahindi yake kilo 7 yalikuwa hayajasagwa.

Hajarudi hadi leo. Jumanne jioni nilifika kituoni hapa nikaambiwa saa 24 hazijatimia. Jumatano zilikuwa zimetimia, nikaambiwa anayeandika maelezo hayupo. Jana niliishia getini, nikageuka nikarudi nyumbani.

Naomba liandikwe jambo hili kama ninavyolisema. Shemeji yangu hamjui mtu yeyote aliyechukua dawa. Anachojua ni taarifa ya habari ya saa moja. Angekuwa na jina angeshalitaja, akaachiwa arudi kwa viatu vyake. Hana jina. Wakimuuliza mara mia, hana.

Kuanzia hapa naandika kwa mkono wangu. Afisa aliweka kalamu chini nilipotaka kutaja namba ya gari, akafikiri kidogo, kisha akanisogezea karatasi.

Namba hazinitoki kichwani. Za mwisho ni 6, 1, 4. Siku tatu nimejifanya sikuziona, kwa sababu nina watoto watatu, na mdogo wangu amehamia kwangu na watoto wake wawili. Leo saa 3:10 nilipoingia hapa, gari la kijivu lenye namba hizo lilikuwa uani kwenu, kati ya bomba na ukuta. Nilihesabu hatua hadi mlangoni ili nisikimbie. Zilikuwa 22. Ninavyoandika, paa la gari hilo naliona dirishani.

Zile kilo 7 nilizisaga Jumanne hiyo hiyo baada ya kubadilisha mkanda. Unga wote umetoka kilo 17 na nusu. Nusu kilo hubaki ndani ya mashine, na mteja akiniuliza imekwenda wapi, namfungulia aone. Kilo 71 za mtu na mimi naomba nifunguliwe nione.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapa. Nimeyasoma, ni ya kweli, nimetia sahihi kwa hiari yangu na kwa hofu yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa), saa 5:30 asubuhi.

MAELEZO YA AFISA: Nimeyachukua maelezo haya mimi mwenyewe, sehemu ya mwisho imeandikwa na shahidi mbele yangu. Saa 5:34 nilitoka uani kuhakiki. Gari halipo. Manyunyu yameanza saa 5:05 na bado yanaendelea. Kati ya bomba na ukuta, sehemu yenye ukubwa wa gari moja bado ni kavu. Shahidi nimemtoa kwa mlango wa nyuma. Nakala ya pili ya maelezo haya ninayo mimi.