Dumu la Njano na Pikipiki ya Baba

Nyakatuntu,
Kyerwa.
16 Machi 2024

Mpendwa dada Prudensia,

Shikamoo. Poleni na majukumu huko Tunduru, na poleni tena kwa msiba wetu, maana pole ya kwenye simu haitoshi. Shemeji Nolasco hajambo? Watoto wameacha kukohoa? Sisi tunaamka salama, ila nyumba imepoa. Mama anakula kidogo sana. Mvua imeanza vizuri na migomba inazaa, lakini hata kukata mkungu naona uvivu.

Najua utashangaa kupata barua enzi hizi. Kila ukipiga simu Mama huja kukaa ubavuni kwangu, kwa hiyo huwa nakujibu mambo ya juujuu. Ndiyo maana hii nimeituma kwa basi. Uliniuliza kwa nini pikipiki ilituzimikia siku ile tukimpeleka Baba hospitali, nikakujibu plagi. Si kweli, dada.

Unaikumbuka ile nyekundu. Baba aliinunua kwa bwana shamba wa Nyabiyonza ikiwa imeshachoka, akaidekeza kuliko alivyotudekeza sisi. Asubuhi lazima uilaze ubavu kidogo ndipo iwake, na klachi yake aliielewa mwenyewe tu. Ukiiita mkweche ananuna mpaka jioni. Lakini haikuwahi kumwacha njiani.

Siku ile pumu ilimbana tangu alfajiri, na tangi lilikuwa tupu. Mimi nilikuwa namvalisha koti. Mama akachukua dumu, akakimbia barabarani wanakouza petroli ya chupa, akarudi akamimina mwenyewe. Tukampakia Baba katikati, mimi mbele, jirani yetu Cleophace nyuma akimshikilia.

Kwenye kilima kile kirefu pikipiki ikakohoa, ikazima. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Tukaisukuma, ikakataa. Cleophace akakimbia kutafuta bodaboda. Baba alikuwa ameniegemea begani, akasema, "Ilaze, Elipi. Ilaze kidogo." Nikailaza. Haikuwaka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na sikukuambia kwa sababu kila nikitaka kuyasema nalia.

Tulipokwisha kuanua matanga nikaifungua pikipiki. Plagi ilikuwa inatoa cheche nzuri tu, waya mzima. Nikashuka kwenye kabureta. Katika kikombe chake cha chini nikakuta maji mazito yanayonata. Nikanusa, na ingawa petroli ilinijaa puani, ile harufu nyingine niliijua. Dada, ilikuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mtu wa kwetu hawezi kuikosea.

Madumu yetu yote ni yale ya njano. La petroli lilikuwa stoo. Lililokuwa mlangoni lilitoka kwenye sherehe ya komunyo ya mtoto wa Cleophace, na pombe ilibaki chini kidogo. Katika haraka ile Mama alishika la mlangoni.

Sikumkasirikia hata kidogo. Niliogopa, dada. Nilikaa chini pale kwenye kibanja, kati ya migomba, karibu na kaburi la Baba, nikawaza Mama akijua itakuwaje.

Nikaosha tangi, nikapuliza jeti ya kabureta, nikaweka petroli mpya, nikailaza. Ikawaka kwa kiki ya kwanza. Iliniuma sana kuisikia ikinguruma vizuri namna ile. Mama akatoka jikoni, akasimama akifuta mikono kwenye kitenge.

"Ilikuwa nini, mwanangu?"

"Plagi, Mama. Ilikuwa imekufa."

Akarudi jikoni. Nami nikatafuta plagi kuukuu, nikaiweka dirishani ili aione.

Nilidhani yamekwisha. Juzi nikaenda nyuma ya jiko kutafuta dumu lile nilitupe mbali, nisilione. Sikulikuta. Nilikuta vipande vya njano vilivyokatwakatwa kwa panga, vimefukiwa chini ya majani makavu ya migomba. Mama yetu, asiyetupa hata kifuniko cha soda!

Jana wanawake wa jumuiya walikuja kumpa pole, mmoja akauliza kuhusu pikipiki. Mama akanyoosha kidole dirishani, akasema, "Ni kile kichuma pale. Elipidius amekitoa." Kisha akanitazama, na mimi nikainamisha kichwa.

Tunaishi hivyo sasa. Asubuhi namwamkia, ananiuliza kama nimelala vizuri, najibu ndiyo. Sijui nani anamficha mwenzake. Kwa hiyo ukipiga simu, dada, na yeye akikuambia ilikuwa plagi, itikia tu kwamba ilikuwa plagi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mke wangu Edith anakusalimu, na Cleophace pia. Mungu awafunike huko mliko, na siku ukija nitakupokea stendi kwa pikipiki ya Baba, nimeshaijua namna ya kuilaza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Elipidius